Upepo Kwanza, Dawa Baadaye

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Ukilala kwenye hema ufukweni, unajikingaje na wadudu wanaouma?" Nilisoma swali nikajikuta najikuna kifundo cha mguu, na wala hakikuwa kinawasha.

Jibu langu ni kwamba siku hizi nachagua mahali pa kupiga hema kabla sijafikiria dawa. Hilo sikuambiwa na mtu, niliumwa nikalijua.

Safari ya kwanza nilikuwa na mdogo wangu. Tulifika jioni, upepo wa bahari ukipeperusha kila tulichoshika, tukaona tutumie akili. Nyuma ya tuta la mchanga palikuwa na kibonde kimetulia tuli, hata jani halitikisiki. Hatua chache mbele yake kulikuwa na dimbwi lililoachwa na maji kupwa, na ng'ambo ya dimbwi mikoko. Mdogo wangu akasema hapa tutalala kama watoto wachanga. Tukapigilia vigingi, tukawasha taa ndani ya hema, mlango tukauacha wazi huku tukipanga vitu. Jua lilipozama tu nikahisi mchomo nyuma ya sikio, kama cheche ya moto. Nikajipiga kofi na kutazama kiganja: hamna kitu. Nikachomwa tena shingoni, kisha kwenye kope. Niliposogeza mkono karibu na taa ndipo nikaona vidoa vyeusi mithili ya vumbi la mkaa, ila vumbi lenyewe linatembea.

Walikuwa usubi. Watu wengi wakiumwa ufukweni humsingizia mbu, na wapo wanaowalaumu hata wale vijidudu wanaorukaruka kwenye mwani, ambao maskini hula mwani tu na hawana shida na mtu. Usubi ana urefu wa milimita 1 hadi 3. Mbu hutoboa kwa mrija mwembamba, lakini usubi hukata ngozi, damu ikajaa kwenye kidonda, naye akaifyonza hapo hapo. Ndiyo maana maumivu yake hayalingani na umbo lake. Anayeuma ni jike, anayehitaji damu kwa ajili ya mayai, na usubi wengi wa pwani hukulia kwenye tope la chumvi, kingo za mikoko na mimea inayooza. Kumbe sisi tulikuwa tumetandika mlangoni kwao, tena saa ya magharibi, wakati ambao wao ndio wanatoka.

Chandarua tulikuwa nacho. Nilijilaza chini yake nikawasha tochi na kumtazama mmoja kwa karibu. Alitua kwenye uzi, akalizunguka tundu, akajipenyeza upande upande, akaingia. Chandarua cha kawaida kimepimwa kwa mwili wa mbu, na matundu yake kwa usubi ni milango. Kuna vyandarua na mahema yenye wavu wa matundu madogo zaidi, na ndiyo ninayotumia sasa. Hewa hupita kidogo na joto huongezeka, lakini nimeamua bora kutoka jasho. Taa naiwasha zipu ikiwa imeshafungwa, maana mwanga huwaita wao na wadudu wengine chungu nzima.

Asubuhi nilihesabu alama 63 kwenye mguu mmoja. Wa pili sikuuhesabu.

Sasa upepo. Usubi ni mrukaji dhaifu. Upepo wa kilomita 10 hivi kwa saa, ule unaotikisa majani, unatosha kumfanya abaki alikojificha. Mbu naye upepo humsumbua. Isitoshe, wadudu hawa hutupata kwa kufuata hewa ya ukaa tunayoitoa tukipumua, na upepo huitawanya kabla haijawafikia. Kile tulichokikimbia jioni ile ndicho kingetulinda. Kwa hiyo sasa napanda juu, mahali pa wazi, mbali na madimbwi na mikoko na juu ya ule mstari wa mwani ulioachwa na maji kujaa, mlango wa hema ukielekea upepo unakotoka. Vigingi vya kawaida havishiki kwenye mchanga mkavu, kwa hiyo najaza mchanga kwenye mifuko, naifunga kwenye kamba za hema na kuifukia. Usiku kucha hema hupigapiga kama tanga. Mdogo wangu hulalamikia kelele tu siku hizi, na mimi malalamiko hayo nayapokea kwa mikono miwili.

Pia naangalia mwezi, na si kwa kuogopa maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa sana, peke yake. Kuna aina za usubi ambazo wingi wao hufuata bamvua na maji mafu, yaani yale yanayojaa na kupwa kidogo. Jirani na Darwin, kaskazini mwa Australia, usubi wa mikokoni huzidi siku zinazozunguka mwezi mpevu, na wakazi hupanga shughuli zao za nje kwa kuziepuka siku hizo. Kwingine kalenda yaweza kuwa tofauti, hivyo muulize mvuvi. Atakwambia pia upepo hutulia saa ngapi.

Mchana kuna adui mwingine: nzi anayefanana kabisa na nzi wa nyumbani, ila mdomo wake umechomoza mbele kama sindano. Hupenda vifundo vya miguu, huuma hata juu ya soksi nyembamba, na huzaliana kwenye marundo ya mwani unaooza. Dawa za kupaka hazimtishi sana. Soksi nene, suruali ndefu, na kuhama kutoka kwenye rundo, basi.

Dawa zenyewe sizidharau. Natafuta ya kupaka yenye kiambato cha kufukuza wadudu kiitwacho DEET, asilimia 20 hadi 30, au kingine kiitwacho ikaridini, asilimia 20. DEET ilitengenezwa mwaka 1946 kwa ajili ya jeshi la Marekani na bado inafanya kazi vizuri, lakini huyeyusha plastiki: mkanda wa saa yangu umebaki na alama za vidole vyangu mwenyewe. Ikaridini haina ugomvi huo. Losheni ya jua hutangulia, ikikauka ndipo unapaka dawa ya wadudu, na ukitoka kuogelea unaanza upya. Usiache hata ukanda mdogo. Mimi niliwahi kusahau nyuma ya goti, wao hawakusahau. Mtoto wa chini ya miezi 2 hapakwi DEET, mkinge kwa wavu. Nguo unaweza kuzipulizia permethrini, dawa ya kuua wadudu, na kuziacha zikauke kabla ya kuvaa. Hiyo ni ya kitambaa, si ya ngozi, na ikiwa mbichi ni sumu kwa paka.

Vile vifaa vya kupiga mlio usiosikika nilinunua kimoja. Usubi alitua juu yake. Dawa ya kuchoma ya mzunguko, ukiiwasha nje penye upepo, moshi unakwenda zake, na ndani ya hema haiwashwi kamwe kwa sababu ya moto na mapafu yako.

Ukishaumwa, osha kwa sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, paka krimu ya kutuliza muwasho, haidrokotizoni ya asilimia 1, na kama muwasho unakunyima usingizi meza dawa ya mzio. Kucha zikatwe kabla ya safari, kwa sababu usingizini utajikuna upende usipende, na ngozi ikichanika ndipo vidonda huanza.

Mahali penye malaria mambo hubadilika. Hapo zungumza na mtaalamu wa afya kuhusu dawa za kinga kabla ya kuondoka. Homa ikianza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa, hata kama umesharudi nyumbani na alama zimefutika, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo, na umweleze daktari kwamba ulilala ufukweni, na ni ufukwe gani.

Msomaji wenu, mwenye saa ya mkanda ulioyeyuka.