Maswali ya Wasomaji: Daiodi ya Leza Kuungua Mara Inapounganishwa

SWALI: Mhariri, nimelehemu saketi ya LM317 (chipu ya kudhibiti umeme) kwa ajili ya leza nyekundu ya mkononi, lakini daiodi mbili zimeungua mara tu nilipoziunganisha. Nimekosea wapi? Msomaji, Majengo, Moshi.

JIBU: Pole kwa hasara. Inaelekea uliwasha saketi kabla ya kuiunganisha leza, kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji) ya upande wa kutokea ikajaa karibu volti zote za betri, kisha ikazimwaga kwa mkupuo ndani ya daiodi. Usijaribu saketi kwa leza yenyewe. Badala yake, lehemu mahali pa leza daiodi nne za kawaida za 1N4007 kwa mfululizo, kila moja ikishusha takriban volti 0.7, uongeze rezista ya omu 1, kisha upime volti kwenye ncha za rezista hiyo, kwa kuwa kila milivolti 1 ni miliampea 1. Kwenye LM317, mkondo ni 1.25 kugawanywa kwa omu za rezista ya kupangia mkondo, hivyo omu 10 hutoa miliampea 125. Ukiridhika, zima, gusanisha nyaya mbili za kutokea hadi kapasita iishe chaji, ndipo ulehemu leza. Miwani ya jua (wengi hudhani inatosha) haikingi macho. Tafuta iliyoandikwa nanometa (urefu wa wimbi la mwanga) za leza yako.