Mkataba wa NFL: angalia dhamana, si jumla

Ndugu, umeuliza inakuwaje mchezaji wa NFL (ligi ya mpira wa Kimarekani, American football) asaini mkataba wa dola milioni 100 kisha aachwe mwaka wa pili. Ile namba kubwa inayotangazwa ni jumla ya yote yanayowezekana. Pesa za kutegemea ni zile zenye dhamana, yaani atalipwa hata akiachwa, ikiwemo bonasi ya kusaini. Miaka ya mwisho mara nyingi haina dhamana, kwa hiyo timu inaweza kumwacha bila kumlipa mishahara iliyobaki. Ndiyo maana mchezaji Kirk Cousins alizua gumzo mwaka 2018 alipojiunga na timu ya Minnesota Vikings: miaka 3, dola milioni 84, zote zenye dhamana.

Bonasi ya kusaini analipwa mapema, ila kwenye hesabu ya ukomo wa mishahara, yaani kiwango cha juu ambacho timu inaruhusiwa kutumia kwa wachezaji wake kwa mwaka (dola milioni 255.4 mwaka 2024), inagawanywa kwa miaka isiyozidi 5. Akiondolewa kabla ya miaka hiyo kuisha, sehemu ya bonasi ambayo bado haijahesabiwa inabaki kwenye ukomo huo na kuibana timu.

Kwa kweli naona wachezaji wanaonewa. Wenzao wa mpira wa kikapu, NBA, mikataba yao kwa kawaida ina dhamana, na hawagongani namna ile kila wiki.