Kabla ya kujenga stoo ya uani, tafuta bikoni

Nilipojenga stoo ya uani, nilipima mita moja na nusu kutoka kwenye uzio, nikaridhika. Msingi ukamwagwa, kuta zikapanda, bati likapigwa. Mkaguzi alipokuja hakuanza na kuta. Aliomba jembe, akafukua kwenye kona ya kiwanja, na chini ya majani makavu ikajitokeza bikoni ya zege, yaani alama ya mpaka wa kiwanja, zaidi ya mita moja ndani ya uzio. Uzio tuliukuta tulipohamia, na sikuwahi kujiuliza aliyeuweka alipimia wapi. Kumbe upenu wa stoo yangu ulikuwa unamwagia maji kiwanja cha jirani. Ilibidi nivunje ukuta mmoja na kukata paa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba jirani alikaa kimya muda wote huo kwa kunistahi.

Kwa hiyo anza na bikoni na ramani ya kiwanja. Kutoka mpakani pima hadi ncha ya upenu pia, usiishie ukutani.

Jambo la pili linawachanganya wengi: kusamehewa kibali cha ujenzi si kusamehewa kanuni za mipango miji. Sehemu nyingi za Marekani hufuata kanuni za mfano za ujenzi wa nyumba, zinazosamehe kibali banda la ghorofa moja lisilozidi futi za mraba 200, yaani kama mita za mraba 18.6, ingawa kila mji unaweza kupunguza kiwango hicho. Hata hivyo umbali kutoka mpakani, urefu na sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kujengwa hubaki palepale. England nako, stoo iliyo ndani ya mita 2 kutoka mpakani kwa kawaida haitakiwi kuzidi urefu wa mita 2.5 kama huna kibali cha mipango.

Ukitaka kuvuta umeme au maji, uliza kivyake. Ukiwaza kumlaza mtu humo, hiyo si stoo tena, ni makazi, na masharti yake ni mazito zaidi. Angalia pia kama mkuza, yaani ukanda uliotengwa kwa ajili ya bomba au nyaya, unapita uani. Juu yake usijenge hata kama nafasi inavutia.

Chora mchoro mdogo wenye vipimo vyote, upeleke ofisi ya mipango miji kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, na omba jibu lao kwa maandishi. Mimi nilijibiwa kwa mdomo, dirishani, na mkaguzi alipokuja sikuwa na karatasi ya kumwonyesha.