Nakshi yangu inarudi nyuma

SWALI: Nimechora upya kwenye kompyuta nakshi ya sakafu ya Kirumi, ile ya visanduku vinavyotokana na vipande vya umbo la almasi vya rangi tatu. Nataka itembee kulia bila kukoma. Kila kisanduku kina upana wa pikseli 40, nami naisogeza pikseli 30 kwa kila fremu, yaani kila picha moja ya mfululizo. Ajabu, inakwenda kushoto! Programu yangu ina hitilafu?
— Mchoraji wa usiku

JIBU: Programu ni nzima, ndugu yangu. Linalokosea ni jicho, na sisi wa viinimacho tunakula kwa makosa yake.

Visanduku vyako vimefanana kama mapacha, kwa hiyo jicho halijui kipi ni kipi. Fremu mpya ikija, linashika kilicho karibu zaidi na pale kilipokuwa cha awali. Umekipeleka chako pikseli 30 kulia, lakini jirani yake aliyekuwa nyuma naye amesogea, na sasa yuko pikseli 10 tu kushoto mwa pale mwenzake alipotoka. Jicho linamchukua huyo jirani. Ndiyo maana hata magurudumu kwenye sinema huonekana yakizunguka kinyumenyume.

Ukisogeza 20, nusu kamili, jicho linabaki njia panda na nakshi inatetemeka tu. Sogeza 10. Fremu 4 zinakutosha, maana ya tano ingekuwa ile ile ya kwanza. Mzunguko hauna kiungo wala mruko, na faili linakuwa jepesi. Mimi huhesabu upana wa nakshi kwa penseli kabla sijawasha kompyuta.

Ila niruhusu nikuulize: kwa nini uitembeze? Kule Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na volkeno mwaka 79, kuna sakafu ya namna hiyo katika Nyumba ya Fauni. Ikazie macho: uliodhani ni uso wa juu wa kisanduku unageuka kuwa wa chini, kisha unarudi. Fundi wa mawe alikwisha kuihuisha bila umeme! Ningekuwa wewe nisingegusa mstari hata mmoja. Ningezungusha rangi tu: weupe utoke uso wa juu uhamie wa kushoto, kisha wa kulia, polepole, kwa vivuli vya kati vingi. Visanduku vitapinduka vyenyewe huku kila kipande kimetulia mahali pake. Mchezo huo hunipendeza kuliko mwendo wowote.

Na usije ukafanya nilichofanya mimi. Niliwahi kubadilisha nyeusi na nyeupe za nakshi ya pembepembe, skrini nzima, kwa kasi ya fremu 25 kwa sekunde. Dada yangu aliifunika skrini kwa kiganja, akaniambia kichwa kinamgonga. Mimweko inayozidi 3 kwa sekunde inaweza kumwangusha mwenye kifafa cha mwanga. Tangu siku hiyo natumia kahawia na maziwa badala ya nyeusi na nyeupe, na naweka kitufe cha kusimamisha.

SWALI: Na sona, ile michoro ya mchangani ya Angola, je, zinafaa kwa kazi hii?

JIBU: Zinafaa, lakini si kwa kusogezwa. Mchoraji wa Kichokwe, yaani wa kabila la Wachokwe wa huko, huanza kwa kutoboa nukta mchangani kwa ncha za vidole, kisha anapitisha mstari kuzizunguka, mara nyingi bila kuinua kidole, huku akisimulia. UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2023. Kwa hiyo uonyeshe mstari ukisafiri, kwa mpangilio ule ule wa mkono. Mstari ukishafika mwisho, futa nukta, kisha kwenye kila makutano kata kidogo upande mmoja wa mstari ili uonekane umepita chini. Fremu inayofuata, hamishia mkato upande wa pili. Mchanga ulio bapa utajisuka kama ukambaa na kujifumua. Na chini ya picha andika kwamba ni sona, tena za Wachokwe; usiandike tu “nakshi ya Kiafrika”.