Makaroni ya Jibini: Kwa Nini Mchuzi Unakatika?

SWALI: Bi. Mhariri, naandika kutoka Likoni. Nina sufuria ya umeme ya kupikia kwa moto mdogo, ambayo huiacha na supu ya mifupa tangu asubuhi ninapovuka feri kwenda kazini mpaka nirudipo jioni. Wanangu wanapenda makaroni ya jibini, nami huyapika vivyo hivyo, lakini nikirudi nayakuta yamevurugika kama uji, mchuzi umekatika na mafuta yameelea juu. Je, kosa ni la sufuria au la jibini? Na naweza kutia tui badala ya maziwa?

JIBU: Dada wa Likoni, sufuria yako haina neno, kilichozidi ni saa. Mifupa huhitaji kutwa nzima, ilhali makaroni makavu hunywa maziwa na kuiva kwa moto wa chini kabisa katika muda wa saa moja na nusu hadi saa mbili, na baada ya hapo huanza kuharibika. Basi hiki si chakula cha kuachwa peke yake nyumbani. Siku unayoshinda nyumbani, kiinjike baada ya sala ya alasiri, yapata saa kumi, nacho kitawahi magharibi.

Kuhusu kukatika, jibini ni mafuta yaliyoshikiliwa na protini ya maziwa iitwayo kaseini. Likipata moto mkali, au moto mdogo wa muda mrefu mno, protini hiyo hujikaza, ikatoa maji na kuyaachia mafuta, ndipo unapoona chengachenga ambazo kukoroga hakuziondoi. Kinga yake kubwa ni maziwa ya kopo yaliyopunguzwa maji, ambayo yameondolewa takriban asilimia 60 ya maji yake, kwa hiyo kaseini yake ni nyingi na huyadhibiti mafuta vizuri. Soma kopo kabla ya kulipa, kwa maana yale yaliyotiwa sukari hufanana nayo sana. Vipande vitatu vya jibini la kusindikwa pia husaidia, kwa kuwa lina chumvi maalumu za kuzuia mafuta yasijitenge. Wapo wapishi wanaolibeza, mimi simo.

Kwa gramu 400 za makaroni mabichi, tia kopo moja la gramu 400 hivi la maziwa hayo, nusu lita ya maziwa ya kawaida, gramu 50 za siagi, chumvi kidogo na pilipili manga. Chukua gramu 350 za cheda, aina ya jibini gumu, na uikune mwenyewe, kwani iliyokunwa kiwandani hupakwa unga wa kuizuia isigandane, nao huukwaza mchuzi. Nusu yake itie mwanzoni, na nusu ya pili mwishoni, ukishazima umeme. Koroga kila baada ya nusu saa, hasa pembeni, ambako moto hutangulia kufika. Mchuzi ukionekana mwepesi usiharakishe, maana huzidi kuwa mzito unapopoa. Ukikauka, ongeza maziwa ya moto, si ya baridi.

Tui sikushauri. Lina mafuta mengi lakini halina kaseini, kwa hiyo linaongeza mzigo bila mchukuzi. Ukitamani nazi, pika makaroni ya tui siku nyingine, jikoni, bila jibini.