Betri ya taa ya dagaa: kuijaza kwa paneli ya kubeba mpaka ijae kweli

Betri nyingi za taa za dagaa zinakufa kwa njaa. Asubuhi inarudi nchi kavu ikiwa tupu, inatupiwa paneli juani, saa 8 mchana kontrola (kile kiboksi cha kati ya paneli na betri kinachosimamia chaji) inaonyesha mistari yote imejaa, inachomolewa na kupakiwa mtumbwini. Betri hiyo ina kama asilimia 80 tu. Kesho hivyo hivyo, keshokutwa hivyo hivyo, na ile sehemu isiyofikiwa inageuka kuwa ukoko mgumu wa salfeti juu ya bamba za risasi. Baada ya muda taa iliyokuwa inafika alfajiri inazimika saa 7 usiku, na lawama anabebeshwa muuza betri.

Hapa tunaongelea zaidi betri za risasi za volti 12, maana ndizo zilizojaa kwenye mialo ya Ziwa Victoria tangu taa za LED zianze kuzisukuma pembeni karabai. Hesabu zenyewe zinamfaa pia mchuuzi wa mnadani au mwenye kibanda cha kunyoa.

Hesabu kabla ya duka

Taa ya wati 10 ikiwaka saa 10 inakula wati-saa 100. Betri iliyofungwa (isiyoongezwa maji) ya volti 12, ampea-saa 18, ina wati-saa 216 kwenye karatasi, lakini ukitaka idumu utumie nusu yake, yaani 108. Kwa hiyo taa hiyo na betri hiyo zinatoshana kama kidole na pete, hakuna cha kuchajia simu juu yake. Taa ya wati 15 inataka betri ya ampea-saa 26.

Kurudisha wati-saa 100 inabidi uingize kama 125, kwa kuwa betri ya risasi inapoteza sehemu ya inachopewa. Sasa paneli. Ile iliyoandikwa wati 50 inatoa ampea 2.8 kwenye volti 18. Ukiifunga kwa kontrola ya PWM, ambazo ndizo za bei ya chini, paneli inavutwa chini hadi volti ya betri, tuseme 13. Ampea 2.8 mara volti 13 ni wati 36. Hizo nyingine zimepotea. Wengine wanakata tena asilimia 14 kwa ajili ya joto, na hapo wanahesabu hasara mara mbili: joto linakula volti, na volti hizo PWM ilikuwa inazitupa hata hivyo. Joto linauma zaidi kwenye kontrola ya MPPT, ambayo inageuza volti za ziada kuwa ampea. Kwa paneli moja ya wati 50, bei ya MPPT hairudi. Ongeza ukubwa wa paneli. Kuanzia wati 200 hivi, MPPT inaanza kuwa na maana.

Wati 36 kwa saa tano za jua zuri ni 180. Ulihitaji 125. Usione hiyo ziada kuwa anasa, ndiyo inayomalizia kujaza, na ndiyo inayokuokoa masika mawingu yakikata nusu.

Wala usiruke upande wa pili. Betri nyingi zilizofungwa hazitaki kupokea zaidi ya asilimia 30 ya ampea-saa zake, yaani ampea 5.4 kwa betri ya 18. Paneli ya wati 200 juu ya betri moja ndogo itaivimbisha.

Betri ya gari, N50 au N70, inavutia kwa sababu kila fundi anayo. Bamba zake ni nyembamba na nyingi, zimetengenezwa kusukuma stata kwa sekunde chache. Ukiishusha hadi nusu kila usiku haitakaa. Na ya maji ikilala ndani ya mtumbwi, asidi inamwagika kwenye nyavu na miguuni.

Paneli inayodanganya

Seli nzuri za siku hizi zinatoa kama wati 200 kwa mita moja ya mraba. Paneli ya wati 50 basi lazima iwe na karibu sentimita 50 kwa 50 za seli, ukiacha fremu. Ya wati 100 ni mara mbili ya hapo. Ukiona “100W” imeandikwa kwenye kitu cha ukubwa wa sinia ya chai, rudisha. Zile za kukunja zifunue zote upime seli tupu, si kitambaa.

Halafu nenda na mita ya fundi (multimeter), ile ya kupimia volti na ampea. Jua likiwa kali, elekeza paneli juani bila kuifunga popote na upime volti: 20 hadi 22. Hamisha waya wa mita kwenye tundu la 10A, gusa chanya na hasi za paneli moja kwa moja. Kwa wati 50 utegemee karibu na ampea 3. Ikitoka 1.4 jua likiwa wazi, umeshikilia wati 25. Ukimaliza, rudisha waya kwenye tundu la volti papo hapo. Mita iliyoachwa kwenye ampea ikigusishwa kwenye betri ni shoti, na usiombe.

Za kukunja ni nyepesi, lakini nyaya zake hukatikia kwenye mikunjo. Kwa mtu anayehama mwalo kwa mguu, sawa. Kwa paneli inayotoka kibandani na kurudi kibandani, chukua ya kioo.

Kufunga

Betri inatangulia, paneli inafuata, taa au kitu kingine mwisho. Kontrola inasoma betri kwanza ili ijue kama iko kwenye mfumo wa volti 12 au 24. Ukianza na paneli, inapokea volti 21 bila kujua izipeleke wapi. Kuchomoa ni kinyume: paneli itoke kabla ya betri.

Fyuzi ya ampea 10 ikae kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, isizidi kiganja kimoja kutoka kwenye nguzo. Hata betri ndogo ikipigwa shoti inatoa ampea za kutosha kuyeyusha waya na kuwasha mtumbwi.

Kontrola iweke jirani na betri, kivulini. Sababu yake wengi hawaijui. Kontrola inapima volti pale ilipo yenyewe. Ukiiacha chini ya paneli na kuvuta waya mrefu hadi kwenye betri, ikiona 14.4 betri inaona labda 13.9, na kontrola inaanza kupunguza chaji mapema. Urefu wote wa waya uwe kati ya paneli na kontrola. Hata huko usitumie waya wa spika. Mita 10 za waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75, kwenda na kurudi, zinakula volti 1.3 kwa ampea 2.8. Tumia 2.5 na hasara inashuka chini ya volti 0.4.

Kwenye mipangilio chagua aina ya betri. Iliyofungwa inajazwa kwenye volti 14.4 hivi, ya jeli chini kidogo, ya maji juu kidogo. Kontrola za bei nafuu zinaandika b1, b2, b3 na maana yake iko kwenye karatasi iliyokuja na boksi, ile ambayo kila mtu anaitupa.

Kuegesha juani

Faida ya paneli ya kubeba juu ya ile ya paa ni kwamba inageuzwa. Jua likiwa nusu ya njia kupanda, paneli iliyolala chali inapata asilimia 70 tu ya mwanga wa moja kwa moja. Ukiiinua imtazame jua usoni inapata wote. Iinue kuelekea mashariki tangu saa 2 asubuhi, ilaze saa 6, igeuze magharibi kuanzia saa 9 alasiri. Kwa upande wa Mwanza jua la utosini linafika karibu zaidi na saa 7 kuliko saa 6, kwa kuwa saa za Tanzania zimepangwa kwa digrii 45 mashariki na Mwanza iko kwenye 33. Alasiri yako ni ndefu kuliko unavyodhani, itumie. Juni inamisha kidogo kaskazini, Desemba kusini.

Kivuli ni habari nyingine kabisa. Paneli ya volti 12 ina seli 36 zilizofuatana kama shanga, mara nyingi zimegawanywa sehemu mbili. Kivuli cha kamba moja ya nguo au kinyesi cha ndege kikifunika seli moja sawasawa, nusu nzima inarukwa, volti zinabaki kama 9, na volti 9 hazijazi betri ya 12. Hupotezi sehemu ndogo, unapoteza yote. Kwenye mwalo ndege wanafuata dagaa walioanikwa, kwa hiyo usiweke paneli jirani na chanja. Futa kwa maji na kitambaa asubuhi kioo kikiwa baridi. Mchanga unakwaruza, na maji baridi juu ya kioo cha saa 8 mchana yanaweza kukipasua.

Ile asilimia 20

Betri ikifika 14.4 kontrola inaanza kubana, ampea zinashuka polepole kutoka 2.8. Hapo ndipo mtu anachomoa. Imejaa pale ampea zinapobaki chini ya 0.4 huku volti zikiwa bado 14.4, na hatua hiyo inaweza kuchukua saa tatu au nne. Kama kontrola yako haionyeshi ampea, unganisha mita, ikiwa kwenye ampea, katikati ya njia ya waya wa chanya. Kupima volti mara tu baada ya kuchomoa hakusaidii, utasoma 13 na zaidi hata kwa betri mbovu. Iache saa kadhaa: 12.7 au 12.8 imejaa, 12.2 ni nusu.

Kama ratiba haikuruhusu kujaza kila siku, basi angalau mara moja kwa wiki betri ibaki kwenye paneli siku nzima bila kwenda ziwani.

Betri inayofika 14.4 ndani ya nusu saa asubuhi baada ya kazi ya usiku kucha haijashiba haraka. Haina tena pa kuweka umeme. Isiyovuka 13 jioni baada ya jua kali, kwanza ifunge kwenye paneli nyingine. Ikibaki pale pale, ipumzishe uipime: ikisoma karibu na 10.5, seli moja imekufa ndani na hakuna paneli itakayoifufua.

Kuchaji betri kadhaa pamoja kwa kontrola moja inawezekana zikiwa za ukubwa mmoja na umri mmoja. Pima kila moja kwanza, zisipishane zaidi ya volti 0.2. Ziunganishe chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, kisha chanya ya kontrola ifungwe kwenye betri ya kwanza, hasi kwenye ya mwisho. Nzee moja katikati itazikamua nyingine zote.

Lithiamu aina ya LiFePO4 haina ugonjwa huu wa salfeti, ni nyepesi, na unaweza kutumia zaidi ya nusu yake. Inataka kontrola yenye mpangilio wake, 14.2 hadi 14.6. Ikikamuliwa sana, saketi yake ya ulinzi inakata na mita inasoma 0. Wengi wameitupa wakidhani imekufa, kumbe inaamshwa kwa chaja ya lithiamu.

Wakati wa mbalamwezi

Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, wavuvi wanapumzika wiki moja au zaidi, na betri zinaachwa kibandani jinsi zilivyotoka ziwani: tupu. Siku hizo kumi hivi zinaharibu kuliko usiku mwingi wa kazi. Siku ya mwisho ya giza ijaze hadi ampea zishuke, chomoa kila kitu, ifute kavu, iweke kivulini. Ya maji iongezewe baada ya kujaa, kwa sababu maji yanapanda wakati wa kuchaji. Ongeza kabla kama tu bamba zimebaki wazi. Na dukani ukiomba “maji ya betri”, hakikisha hupewi asidi. Kinachopungua ni maji, asidi inabaki ndani. Ukiongeza asidi juu ya asidi, bamba zinaliwa.