Jibu: Kuvuka milima ya Mahale kwa ndege ndogo

Ndugu, umeuliza kama mwanafunzi wa urubani mwenye saa chache za kuruka anaweza kuvuka milima ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, akitokea Kigoma. Anaweza, ila awe na mwalimu anayeijua milima. Hilo usilipuuze hata kidogo.

Kinachoua zaidi ni upepo. Nkungwe, kilele kirefu kuliko vyote vya Mahale, ina mita 2,462 na ziwa liko kwenye mita 773 hivi, yaani mlima unapanda karibu mita 1,700 kutoka majini. Kiangazi, upepo wa kusini-mashariki ukishavuka kilele humwagikia upande wa ziwa. Wewe unayetokea ziwani unaingia humo humo: injini umeifungua yote, na ndege bado inashuka. Kwa hiyo usiukabili mgongo wa mlima uso kwa uso. Uendee kimshazari, nyuzi 45, ukiwa angalau mita 600 juu yake, ili ukianza kuzama ugeuke upesi kuelekea ziwani.

Bondeni usipite katikati, bana upande mmoja upate nafasi ya kugeuza. Ruka asubuhi. Mchana wa joto usijaze abiria na mafuta kwa pamoja. Hewa ya joto ni nyepesi, nayo hurefusha mbio za ndege ardhini kabla ya kupaa.